Historia ya Nanyori binti Koikai na Miche Iliyoungua

"Mbona miche yangu inaungua, na samadi ni ya zizi lile lile moja?"

Swali hili liliulizwa kwenye mfereji wa Ngarenaro, asubuhi moja ya mwezi wa Julai mwaka 1914, na mwanamke aliyeshika mkononi mche wa kabichi uliokauka kuanzia mizizini, mbele ya wanawake watano waliokuja kuteka maji, na wote watano walikuwa na jibu, na hakuna aliyelitoa, mmoja akasema maji ya leo machache, mwingine akamfokea mbuzi wake, na yule aliyelijua jibu kuliko wenzake wote akainama, akajaza mtungi mpaka ukafurika, akaondoka. Huyo aliyeinama ndiye tuliyemleta hapa Terrat leo kumzika upya.

Watumishi wa Mungu, wazee wetu, majirani wa Ngarenaro mliofuatana nasi hadi hapa, shikamooni wote mnaostahili shikamoo, na poleni kwa safari. Kwa niaba ya ukoo wa Kasaine Sakaya nimepewa heshima ya kusoma historia ya bibi yetu Nanyori binti Koikai, ambaye mabaki yake yaliondolewa jana kupisha upanuzi wa barabara, baada ya kulala kando ya mfereji zaidi ya miaka mia moja bila mtu hata mmoja kusimama akasema aliishi vipi. Baba yangu mdogo Solomoni ameniomba nisome kwa ufupi, nisigeuze msiba kuwa mdahalo wa chuo, na mimi nimemwitikia kwa heshima zote, ila ufupi ndio uliotufikisha hapa, kwa sababu miaka yote hiyo ukoo wetu umekuwa na historia fupi sana ya bibi huyu, kwamba ndiye mwanamke wa kwanza wa upande ule wa mlima kumpelekea Mjerumani kabichi na kumwokoa mume wake, basi, tunapiga makofi tunakula pilau.

Marehemu alizaliwa kwenye mteremko wa magharibi wa Mlima Meru, juu kidogo ya Ngarenaro, mwaka wa sotoka, ule ambao ng'ombe walikufa mpaka fisi wakachagua nyama, na ambao kwa hesabu ya sasa ni 1891, akiwa mtoto wa tatu wa mzee Koikai na mama Nkasiogi, na siku yenyewe haikuandikwa na mtu. Naomba mlisikie hilo vizuri, kwa kuwa siku ambayo kabichi yake ilifika bomani iliandikwa, tarehe, mwezi na uzito, lakini siku aliyofika yeye duniani hakuna aliyeona haja ya kuchovya kalamu. Baba yake alibakiwa na ng'ombe wawili, akageukia migomba, na mwaka 1900 alikuwa miongoni mwa wanaume waliobebeshwa mawe ya kujengea boma la Wajerumani, akarudi na bega lililolalia upande mmoja hadi mwisho wa uhai wake, kwa hiyo marehemu alikua akijua jambo moja mapema, kwamba boma likimwita mwanamume wa nyumba, anayerudi si yule aliyeondoka.

Kuhusu elimu, tarehe 6 Februari 1905 aliandikishwa katika shule ya misheni moja huko juu mlimani, akasoma miaka miwili, asubuhi herufi na mchana jembe, kwani misheni ile ilikuwa na bustani ya mboga za Kizungu yenye ua wa mbao na lango, na wavulana waliingia ndani wakafundishwa kusia mbegu, kuhamisha miche na kuvuna, na wasichana walifundishwa kubeba samadi hadi langoni, wakaimwaga, wakarudi kufuata nyingine. Miaka miwili ya lango! Akatoka pale akiwa mjuzi wa samadi kuliko mvulana yeyote, akiweza kufumba macho na kusema kwa harufu tu kwamba hii ni ya wiki hii, hii ni ya mvua iliyopita, hii sasa imekuwa udongo, lakini hakuwahi kuiona kabichi ikikua tangu mbegu mpaka kuvunwa. Alipewa elimu nusu, akaenda nayo mjini kwa majirani wenye nusu nyingine.

Tarehe 14 Septemba 1907 aliolewa na Kasaine, mtoto wa mzee Sakaya, kwa taratibu zote za Kiarusha, akahamia kwenye boma la mume wake kando ya mfereji wa Ngarenaro, na Pasaka ya mwaka 1911, tarehe 16 Aprili, wote wawili walibatizwa, yeye akapewa jina la Anyesi, ambalo halikutumiwa na mtu isipokuwa kitabu cha misheni. Walijaliwa watoto wawili, Simaloi, aliyezaliwa tarehe 3 Mei 1909, na Kisioki, aliyezaliwa tarehe 20 Novemba 1911. Waliomjua mzee Kasaine wanasema alikuwa mtu mpole, mrefu, mwenye kucheka kwa pua, na marehemu alimpenda kiasi kwamba akichelewa kurudi malishoni alitoka nje mara tatu, akisingizia kuangalia kuni.

Sasa nafika kwenye kazi, na hapa naomba uvumilivu wenu.

Mwishoni mwa mwaka 1908, fundi cherehani mmoja aitwaye Abasi alifika kutoka Pangani pamoja na mke wake Mwamvua na mtoto wao mchanga Omary, wakapewa kiwanja chini kidogo ya boma la Kasaine, kwenye mfereji ule ule, nyumba ya kwanza kuteka maji ikiwa ya Nanyori na ya pili ikiwa ya Mwamvua. Mwamvua aliwahi kusaidia jikoni kwa mzungu mmoja huko pwani, akayajua mambo ya karoti, figili na kabichi kuanzia pakiti ya mbegu hadi sahani, lakini hakuwa na ng'ombe hata mmoja, na samadi kwake ilikuwa kitu cha kuruka akipita njiani. Mnaona wenyewe. Huyu alikuwa na juu ya mmea, yule alikuwa na chini yake, umbali wa kurusha jiwe, na kama wangekaa mkeka mmoja alasiri moja tu, bustani zao zingelisha mji.

Hawakukaa. Mwamvua alikuwa na leso za rangi, sauti ya kuimba na mume aliyejua kushona, na Nanyori alivitazama vyote vitatu kupitia ua wa masale kila alipokwenda mferejini, na Simaloi, mtoto wake, alipokuwa bibi kizee alisimulia kwamba yeyo, yaani mama yake, alijua idadi ya kabichi za Mwamvua vizuri kuliko idadi ya mbuzi wa nyumbani kwake, na kila asubuhi alizihesabu kabla hajanawa uso.

Januari 1912 bwana wa stoo wa bomani alitoa amri kwamba kwenye kila mfereji nyumba moja, na moja tu, italeta mboga kila Jumamosi, na mwanamume wa nyumba hiyo atapewa cheti cha kutochukuliwa kwenye kazi za barabara wala kubeba mizigo, na cheti kitashindaniwa kila mwaka mwezi wa Oktoba, mwenye kabichi bora ndiye mwenye mume nyumbani. Nawasikia mnaonong'ona huko nyuma, wanawake na wivu wao. Haya, nakubali, wivu ulikuwepo, sitaupaka chokaa uonekane kitu kingine. Lakini naomba mnijibu, aliyekata cheti kimoja kwa nyumba mbili alikuwa mwanamke?

Mwaka huo wa kwanza marehemu alipata mbegu kwa msichana aliyesoma naye, akapanda kabichi yake, na akaitunza kama ambavyo mama yake alimfundisha kutunza mnavu, akishuka kila jioni kuchuma majani ya chini kwa ajili ya mboga, ili mmea uchangamke utoe mengine, na mmea ukatoa mengine, naye akachuma, hadi mwezi wa tisa alikuwa na mistari minne ya mabua marefu yenye vishungi juu, na kabichi haikufunga hata moja, maana kabichi hujifungia kwa majani yale yale uliyokwisha kuyala. Mwamvua alipita na mtungi kichwani, akasimama uani, akacheka mpaka maji yakamwagika begani.

"Mama Simaloi, mbona kabichi zako zina shingo? Unazifundisha kuchungulia kwa jirani?"

"Zinatafuta jua, Mama Omary."

"Haya, zikiliona zinisalimie."

Hakumwambia. Angeweza kusema neno moja, usichume, na hakulisema, na familia ya Mama Omary wanisamehe, leo tunasema yote. Jumamosi ya mashindano Mwamvua alipanga kabichi zake kwenye kikapu, akazifunika kwa leso nyekundu, na badala ya njia ya mkato akazunguka kupita mbele ya mlango wa Nanyori, taratibu, akimsalimia mpaka kuku. Abasi akapata cheti, na Kasaine akachukuliwa miezi miwili kwenye barabara ya Moshi, akarudi na kidonda cha mguu kisichofunga, na marehemu alikiosha kidonda kile kila siku kwa maji ya chumvi huku akitazama chini ya mteremko, kwenye mlango wa Mwamvua, ambako cherehani ilikuwa inalia kuanzia asubuhi mpaka jioni, mume yumo ndani.

Kuanzia hapo alijifunza bustani kwa wivu, na niwaambieni, hakuna mwanafunzi makini kama mwenye wivu. Alichungulia. Aliona Mwamvua hachumi majani, akaacha kuchuma. Mwaka 1913 kabichi zake zilifunga, lakini alikuwa amezibananisha kwa tamaa ya wingi, zikatoka ndogo kama ngumi, Abasi akabaki na cheti na Kasaine akaenda barabarani tena, na safari hii alirudi akikohoa. Basi akachungulia zaidi, akapima kwa jicho hatua za Mwamvua kati ya mche na mche, na kufikia masika ya 1914 alikuwa ameunganisha nusu zote mbili, ya lango la misheni na ya kupitia ua wa masale, na yale aliyokusanya, Simaloi aliyashika, bibi yangu aliyenilea aliyapokea kwa Simaloi, na sisi tunalima nayo hadi leo, nayasoma hapa kwa sababu ndiyo urithi pekee aliotuachia, asiyejua aanze nayo na anayejua ajikague nayo.

Mbegu isie kwenye kitalu cha kivuli, kina chake kisizidi ukucha, funika kwa majani makavu ya mgomba na uyaondoe siku ileile unapoona kijani cha kwanza, la sivyo miche itarefuka na kulegea. Hamisha jioni jua likiwa limeshuka, mche ukiwa na majani manne au matano, mwagilia kitalu kwanza ili mizizi itoke na udongo wake, kandamiza kwa vidole viwili, kisha vuta jani taratibu, jani likichanika kabla mche haujang'oka, umepanda vizuri. Achanisha kabichi na kabichi hatua moja ya mtu mzima. Maji peleka mguuni, si kichwani, na asubuhi, na viwavi wapulizie majivu makavu umande ukiwa bado upo. Mahali ulipovuna kabichi usirudishe kabichi, weka maharage, na hapa nyie wazoefu ndipo mnapojidanganya, kwa kuwa mwaka wa kwanza wa kurudia haukuadhibu, wa tatu ndio unakumaliza. Na samadi, ndugu zangu, samadi ikae. Ipinduliwe, ifunikwe, inyeshewe msimu mzima, kisha kabla hujaitia shimoni ingiza mkono ndani ya rundo mpaka kiwiko, ukihisi joto iache, bado inaiva, itaunguza mizizi ya mche kama uji wa moto unavyounguza ulimi wa mtoto, na ikiwa haina joto tena na inanuka kama msitu baada ya mvua, hapo chukua.

Hilo la mwisho Mwamvua hakulijua.

Mwezi wa Juni 1914, akiona kabichi za jirani zinanenepa na zake zimedhoofu kwa kurudiwa kwenye ardhi ileile, Mwamvua alifunga kilemba, akapanda mteremko, akabisha hodi kwenye zizi la Kasaine na kuomba samadi, na ilimgharimu, mnajua mtu mwenye maneno anapokuja kuomba kwa aliyemcheka. Kwenye zizi kulikuwa na marundo mawili, la kulia la mwaka uliopita, jeusi, baridi, na la kushoto la wiki hiyo, ambalo asubuhi lilikuwa linatoa mvuke. Nanyori aliacha kukamua, akanyanyuka, akatabasamu, na Simaloi, aliyekuwa amesimama pale, alisema baadaye kwamba hajapata kumwona yeyo akitabasamu vizuri vile.

"Chukua, Mama Omary," akasema, akielekeza kidole kushoto. "Chukua tele. Ng'ombe wetu hawana choyo."

"Mungu akuzidishie, Mama Simaloi. Nilidhani utaninyima."

"Nikunyime mavi?"

Wakacheka wote wawili. Mwamvua akabeba matenga sita, akaifukia samadi kwenye kila shimo kwa mkono wake mwenyewe, na siku ya tisa miche ikaanza kuungua, na ndipo akasimama mferejini akauliza lile swali nililoanza nalo, na wanawake watano wa Kiarusha waliolelewa kwenye samadi tangu utotoni wakakosa ulimi. Wengine wanne walikuwa na sababu gani, sijui, labda uoga, labda leso nyekundu ile iliwahi kupita mbele ya milango yao pia. Ya Nanyori inajulikana. Na hapa najibu hoja yangu mwenyewe niliyoitoa hapo juu, kwamba Mjerumani ndiye aliyekata cheti kimoja kwa nyumba mbili, ni kweli, na siiondoi, lakini kidole kilichoelekeza rundo la kushoto hakikuwa cha Mjerumani, kilikuwa cha bibi yetu Nanyori.

Agosti vita vilianza kati ya Wajerumani na Waingereza. Jumamosi tarehe 17 Oktoba 1914 bwana wa stoo alipima kabichi ya Nanyori, akaandika uzito wake, akaipasua kwa kisu akaridhika, na za Mwamvua, tatu, alizisukuma kando kwa kiatu, na cheti kikaandikwa jina la Kasaine. Jumatatu tarehe 2 Novemba askari walishuka Ngarenaro kukusanya wapagazi wa jeshi, wakapita mlango wa Kasaine, wakasoma cheti, wakaendelea chini, na baada ya muda cherehani ikanyamaza. Abasi aliondoka na mzigo wa risasi kichwani kuelekea upande wa Taveta, akiwa bado na uzi shingoni. Hakurudi. Mwezi wa Aprili 1915 mpagazi mmoja aliyetoroka alileta habari kwamba fundi aliachwa kando ya njia, anaharisha damu, na kwamba aliomba asimamishwe akae vizuri, wakamkalisha, wakaondoka.

Mtu angedhani wivu ungeishia hapo, maana hakukuwa na kitu kingine cha kumwonea wivu Mwamvua. Haukuisha, uligeuka. Watu walipofurika kwa Mwamvua kumpa pole, wakilala kwenye mikeka, wakimpikia, wakimwita masikini, Nanyori alikaa kwenye ua wake na mume mzima ndani na cheti darini, akauonea wivu msiba, akamwonea wivu mwenzake kwa kulia hadharani bila kuogopa mtu atamwuliza nini. Kila Jumamosi alipopeleka mboga bomani aliacha njia ya mkato akazunguka mbali, juu kwa juu, ili asipite ule mlango, na wale waliouona mzunguko huo wakasema, mnamwona Mama Simaloi alivyo na majivuno siku hizi.

Kuhusu ugonjwa wake, mwezi wa Desemba 1915 alianza homa na maumivu ya kifua, akawa hawezi kuinua mtungi, halafu hawezi kuinuka, na daktari hakuwepo, aliyekuwepo alikuwa wa jeshi, na mwalimu wa misheni naye alikuwa amechukuliwa vitani. Jumamosi mbili bustani haikumwagiliwa, Kasaine akishinda na mgonjwa na ng'ombe. Ya tatu ingekauka, na mboga zikikosekana bomani cheti kinakwisha, na Kasaine anakwenda alikokwenda Abasi. Asubuhi moja marehemu, akiwa amelala karibu na mlango ili apate hewa, aliona mtu ameinama katikati ya mistari ya kabichi zake, amejifunga leso nyekundu iliyokwisha kupauka, anafungua maji ya mfereji kwa mguu.

Wazo lake la kwanza, na alimwambia mume wake mwenyewe, lilikuwa kwamba amekuja kuzikata.

Mwamvua alimwagilia mpaka mwisho wa mstari, akapalilia, akapuliza majivu, akamaliza, akaingia ndani na uji. Alifanya hivyo wiki saba, na kila Jumamosi alijaza kikapu akampa Kasaine akipeleke bomani, mjane akimlinda mume wa mwenzake kwa mikono yake, na Nanyori akanywa uji ule kijiko baada ya kijiko, na mara nyingi alifungua mdomo aseme, na mara zote Mwamvua alidhani anaomba uji zaidi.

Siku tatu kabla ya kufariki alimwita mume wake.

"Nenda kwa Mama Omary," akamwambia. "Mwambie samadi niliyompa ilikuwa mbichi. Mwambie nilijua."

Kasaine alikwenda. Alifika hadi kwenye ua, akamkuta Mwamvua anaosha matenga, akaomba kaa la moto, akapewa kwenye kigae, akarudi nalo nyumbani ambako moto ulikuwa unawaka tangu asubuhi. "Umemwambia?" marehemu akauliza, naye akasema, "Nimemwambia." Haya ndiyo aliyomsimulia binti yake Simaloi mwaka 1951, mzee kipofu, akilia, miaka mingi baada ya Mwamvua mwenyewe kufariki, na Simaloi akamwambia bibi yangu, na bibi yangu akaniambia mimi, na kila mmoja akamalizia kwa kusema, lakini hayo yasitoke nje. Kwa hiyo wanawake watano walinyamaza mferejini, ndiyo, ila mwanamume mmoja na ukoo mzima, sisi sote tuliovaa vizuri hapa, tumenyamaza miaka mia na ushee, tukitembea na sifa ya kabichi.

Nanyori binti Koikai alifariki Alhamisi tarehe 17 Februari 1916, akiwa na umri wa takriban miaka ishirini na mitano, akazikwa kesho yake kando ya mfereji bila mhubiri na bila historia, na aliyemwosha ni Mwamvua. Mwezi uliofuata Wajerumani walikimbia Arusha, Waingereza wakaingia, na cheti kile Kasaine alikitumia kufungia ugoro.

Familia inawashukuru wote. Madaktari hatukuwa nao wakati ule, ila leo tunamshukuru afisa afya aliyesimamia kazi ya jana kwa staha, na vijana waliochimba kwa mikono baada ya kukataa mashine. Tunawashukuru majirani wa Ngarenaro, wanaosali na wanaoswali, wakulima wenzake wa mfereji ambao wajukuu wao wapo hapa, wachungaji na wazee wa usharika, na baba mdogo Solomoni, ambaye ameivumilia historia hii yote bila kuninyang'anya karatasi. Na kabla ya wote hao tunamshukuru marehemu Mwamvua, aliyemuuguza mgonjwa wetu wiki saba na kumwagilia bustani iliyomgharimu mume.

Bibi, umelala vibaya muda mrefu, na ujumbe wako umechelewa, lakini umefika, sasa pumzika.

Mama Batuli, wewe ni kitukuu wa Mwamvua na Abasi, uliitwa hapa ukaambiwa njoo kwenye mazishi ya jirani, hukuambiwa ya nini. Jibu la swali la bibi yako ni hili, miche iliungua kwa sababu samadi ilikuwa mbichi, na aliyempa alijua. Udongo uliopo kwenye tenga hili mbele yangu tumeuchanganya na samadi ya mwaka juzi, na mimi mwenyewe nimeingiza mkono asubuhi ya leo hadi kiwiko, hauna joto. Sisi hatutatupa wetu kabla yako. Shikamoo, mama, tunaomba usogee hapa mbele, utie wewe udongo wa kwanza.